Penseli Aliyoichonga Baba

Mdogo wangu ni seremala, mtaa mzima unamwita Fundi, na penseli haimtoki nyuma ya sikio tangu anapoamka mpaka anapolala. Nasema mpaka anapolala kwa sababu mkewe ameshaiokota shukani si mara moja. Ukiusema vibaya msumeno wake atacheka. Iseme vibaya penseli yake, halafu utafute kiti, maana somo utakalopewa si la kusikilizwa wima.

Mimi ndiye dada yake mkubwa na ndiye mwenzake wa karakanani. Yeye anapima na kukata, mimi napiga msasa na vanishi, na tunagombana kutwa nzima bila kukosana. Penseli anazozipenda ni zile ngumu kabisa, ambazo risasi yake ni kavu na inaacha mstari hafifu, ambao huuoni mpaka uinamishe kichwa kuufuata mwanga. Anazichonga kwa patasi, si kwa kichongeo, na ncha anaitoa ndefu mpaka inatisha. Mstari mnene, anasema, unaudanganya msumeno, haujui upite upande gani. Kazi ikiisha mimi napitisha msasa, alama zote zinaondoka, mteja anabeba meza yake safi. Kwa kazi yetu penseli ni hiyo, na hapo sina ubishi naye.

Ubishi ulikuja binti yake alipoanza kujifunza kuandika.

Binti alikuwa na miaka sita na sisi tunamwita Chiriku, kwa sababu domo lake halina likizo. Anaongea akila, anaongea akioga, na akikosa mtu anaongea na mbao. Mwaka ule alikuwa darasa la awali, na siku alipoambiwa aende shule na penseli, baba yake hakutaka kusikia habari za dukani. Alitoa penseli mpya kwenye kasha lake, akainoa patasi upya kwenye kinoo, akaketi kwenye benchi na kuichonga taratibu, Chiriku amesimama katikati ya magoti yake anatazama maganda yanavyodondoka.

"Hii ni penseli ya fundi," akamwambia. "Usimpe mtu."

Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi yao. Kila asubuhi mtoto anapita karakanani kabla ya shule, baba anamchongea, mtoto anaipuliza vumbi, wanaagana. Mimi si mtu wa kulainika ovyo, lakini lile jambo lilikuwa likinilainisha. Nilikuwa najifanya natafuta brashi ili nisionekane nawaangalia.

Basi wifi yangu akasafiri kwenda kumuuguza mama yake, nikabaki mimi na nyumba, na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Chiriku, aliyekuwa akila kwa mkono siku zote, akaanza kudai kijiko. Nikadhani ni maringo ya shule, nikampa. Kikombe akawa anakishika kwa viganja viwili. Halafu maneno yakapungua. Akirudi shule anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kimya, na ukimuuliza leo mmeandika nini, yeye anakuuliza umepika nini. Mtoto anayekwepa swali kwa ustadi namna ile ana jambo moyoni.

Siku ya Jumatano mwalimu wake akaniita. Ni mwanamke mpole, sauti imemkauka kwa kushinda akiongea juu ya kelele. Alinikalisha kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni, akanifungulia daftari la Chiriku.

Ukurasa wa kwanza nilidhani haujaandikwa kitu. Nilipouelekeza dirishani ndipo nikaziona herufi, za kijivu, nyembamba, kama zinaogopa kukaa pale. Kurasa za mbele zilikuwa na weusi kidogo, lakini weusi wenyewe ulipatikana kwa mabavu. Karatasi ilikuwa imechimbwa, ukipapasa upande wa pili unaisoma herufi kwa kidole, na penginepo imechanika kabisa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja tu, tena haukufika mwisho.

"Kuzijua herufi anazijua," mwalimu akasema. "Nikimwambia aandike hewani kwa kidole, anaandika zote bila kukosea. Nikimpa karatasi, anaandika kidogo tu anaficha mkono chini ya meza. Wenzake wanamaliza, yeye anaangalia dirisha."

Mezani pake kulikuwa na kopo la penseli fupi, nene. Nikazionyesha kwa kidole. "Na hizi?"

"Hapo sasa. Hizi ndizo za watoto, laini, hata ukigusa tu inaandika. Nimempa mara ngapi. Hazitaki. Anasema ana ya kwake."

"Baba yake ulimwambia?"

Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Nilimwita mwezi uliopita. Nikaanza mimi kumweleza habari ya penseli, akamalizia yeye. Alinifundisha mpaka nikamshukuru."

Nilimwamini, wala sikuhitaji kiapo.

Kisha akaniambia lile aliloniitia. Ijumaa atawapima watoto wote kuandika, nusu ukurasa kila mmoja. Atakayeshindwa hatapanda darasa la kwanza na wenzake, atarudia darasa la awali.

"Nikimpandisha hivi alivyo, huko mbele wanaandika kutwa, atazama," akasema. "Nikimbakisha, ataanza kuamini kwamba hana akili, na akili anayo. Naomba mnisaidie, dada. Sijui kinachomzuia."

Nilirudi karakanani damu inanichemka. Fundi alikuwa ameinama juu ya mlango wa kabati, anapima. Sikumpa nafasi ya kunyanyuka.

"Mtoto wako anabaki darasa la awali kwa ajili ya penseli yako."

"Penseli yangu ina nini?"

"Haiandiki."

Akanyooka polepole. "Dada, nusu ya vitanda vya mtaa huu vimetoka kwenye penseli hii."

"Vitanda havisomwi, bwana wewe. Hebu nisikilize. Mimi kazi yangu kila siku ni kuufuta mstari wako. Ukishakata, hauna kazi tena, ndiyo maana unauchora mwepesi. Chiriku haandiki ili nije nipitishe msasa. Anaandika mwalimu aone. Sasa hauonekani, kwa hiyo anakandamiza. Akikandamiza, karatasi inachanika. Unataka afanyeje?"

Alikaa anaizungusha penseli vidoleni.

"Penseli laini inachafua," akasema mwishowe. "Inaisha upesi. Inauzoesha mkono uvivu."

Maneno yalikuwa yaleyale, ila sauti haikuwa ya kufundisha. Alikuwa anaogopa, na nilipoliona hilo hasira yangu ikashuka yenyewe. Mdogo wangu aliacha shule mapema. Hesabu za vipimo anazo kichwani, hazimpigi chenga, lakini kikitokea cha kuandika anamwachia mkewe. Katika mambo yote ya shule, kitu pekee alichokijua vizuri na kuweza kumpa bintiye kilikuwa ni penseli iliyochongwa sawasawa. Sasa nimekuja mimi, na vumbi langu la msasa, kumwambia kwamba hata hicho hakifai. Nilimwonea huruma, nikamwambia kwa upole ambao sikuuzoea.

"Kesho akitoka shule twende naye dukani. Achague mwenyewe."

Akakubali shingo upande.

Muuza duka la vifaa vya shule ni mama wa makamo, miwani yake ameifunga kamba shingoni na bado anaitafuta. Rafu zake alitengenezewa na Fundi, kwa hiyo kabla ya salamu kuisha Fundi alikuwa ameshaweka jicho kwenye rafu ya juu kuona kama imepinda. Haikuwa imepinda. Hilo lilimpa nguvu kidogo.

"Tunataka penseli ya huyu," nikasema. "Ya kujifunzia kuandika."

Mama akatupangia kwenye kaunta, kuanzia ngumu mpaka laini, nyembamba mpaka nene, akaweka na karatasi. Fundi akaanza na kazi anayoijua. Akainusa moja kwa ajili ya mti wake, akaifumbia jicho moja kuona kama imenyooka, akaitazama kichwani kuona kama risasi imekaa katikati. Ile ngumu kuliko zote akachora nayo kwenye karatasi, uso ukamkunjuka. Ile laini ikamwachia weusi kidoleni, akaufuta kwenye suruali, na mdomo ukamwenda upande.

Chiriku hakuwa akiziangalia penseli hata kidogo. Alikuwa anauangalia uso wa baba yake.

"Haya, mama," Fundi akamwambia binti yake, "ipi?"

Akanyoosha kidole kwenye ile ngumu.

Nilishindwa kuvumilia. "Fundi, toka nje."

"Mimi?"

"Wewe. Na uso wako. Nenda kasimame kibarazani uangalie barabara."

Akatoka, mama muuza duka anacheka chini chini. Fundi akasimama na kutugeuzia mgongo, mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri mzigo. Nikamwinamia Chiriku. "Sasa baba haoni. Jaribu zote, chukua unayoipenda."

Akazitazama. Akaigusa ile nene, laini, yenye pembe tatu, akachora nayo kidogo tu pembeni mwa karatasi, na ikatoa mstari mweusi uliomfanya avute pumzi. Akautazama mstari ule. Kisha akairudisha mahali pake, akainyoosha vizuri ikae sawa na nyingine, akachukua ile ngumu.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Hii ndiyo ya fundi."

Mama muuza duka akaingilia, si kwa ubaya. "Hebu niandikie jina lako nikuone, mjukuu wangu." Chiriku akaishika penseli kwa ngumi, kama mtu anayeshika mwiko, vidole vyote vimejikunja ndani. "Mbona unaishika hivyo? Nyoosha vidole." Mtoto akaiacha penseli ikaanguka na mkono akaurudisha nyuma ya sketi yake.

Penseli ilianguka na kubingirika sakafuni mpaka mlangoni. Fundi akageuka. Sauti ya kifaa kinachoanguka haimpiti. Akainama, akaiokota, akaja nayo, na badala ya kuiweka kaunta akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Nipe mkono."

Chiriku akatoa wa kushoto.

"Ule mwingine."

Akautoa huku anaangalia pembeni. Fundi akaufungua kidole kimoja kimoja, kwa vidole vyake vile vya gundi na makovu, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango. Ubavuni mwa kidole cha kati, karibu na ukucha, palikuwa na lengelenge lililopasuka juu ya lengelenge la zamani. Ngozi imevimba na kuwa nyekundu. Kidole gumba nacho kilikuwa na shimo dogo pale ubavu wa penseli ulipokuwa ukikaa. Hapo nikakielewa kijiko, nikaelewa na kikombe, na chozi likanilenga.

Fundi alikuwa analiangalia lile jeraha kama anavyoangalia kazi iliyorudishwa na mteja. Nimemwona akifundisha vijana karakanani, na jambo moja hajawahi kulifanya ni kumlaumu mtu kwa malengelenge. Mtu akija na kidonda mkononi, Fundi hamwulizi anafanyaje kazi, anamwambia alete randa aione. Hata sasa mdomo wake ulijisemea wenyewe, polepole.

"Hapa si kosa la mkono. Hapa ni kosa la mpini."

Kisha akasikia alichokisema. Nililiona likimfika.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu zamani."

"Na kila asubuhi unakuja nakuchongea, na mkono uko hivi. Kwa nini hukuniambia, mama?"

Chiriku akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe uliichonga vizuri," akasema. "Haikuwa na kosa. Mimi ndiye sijui."

Fundi akauweka ule mkono mdogo shavuni kwake, akaushikilia. Mama muuza duka akaanza kuitafuta miwani yake ambayo ilikuwa kifuani pake. Nami nikageukia rafu na kusoma bei za vifutio.

"Nisikilize," Fundi akasema. "Niliichonga vizuri, lakini niliichongea mbao. Sikukuchongea wewe. Kosa ni langu, na ni la kifundi kabisa. Sasa nikae nichague upya, lakini wewe ndiye utakayesema."

Akaingia kazini, na safari hii nilikiri moyoni kwamba hakuna mtu ambaye angeifanya vizuri zaidi. Alikipima kidole cha bintiye kwa kidole chake, akazitenga zote nyembamba. Zile za mviringo akazitenga pia, maana mtoto anazibana kwa nguvu zisizunguke. Zikabaki nene za pembe tatu. Hizo akazichukua moja moja, akaishika kila moja mkiani kwa vidole viwili tu, akailaza ncha kwenye karatasi, akaivuta bila kuikandamiza, ikaburuzika kwa uzito wake yenyewe. Moja haikuacha kitu. Nyingine iliacha kivuli. Ya tatu, ile aliyoigusa Chiriku na kuirudisha, ikaacha mstari mweusi mzima.

"Hii inaandika hata ukiwa umelala," Fundi akasema. "Unaionaje?"

Chiriku akamtazama usoni tena, kwa mazoea. Uso wa baba yake ulikuwa umelowa na hausemi lolote kuhusu penseli. Ikabidi ajiamulie mwenyewe. "Nzuri," akasema taratibu.

"Ndefu mno, itamwelemea," Fundi akamwambia mama muuza duka. "Una msumeno mdogo?"

"Fundi, hapa ni dukani."

Aliikatia nyumbani. Aliikata nusu, akaipiga msasa kichwani isimchome kiganja, kazi ambayo kwa haki ilikuwa yangu lakini nilimwachia. Kisha akachukua patasi. Mkono ulitaka kwenda kwenye ile ncha yake ndefu, nilimwona, akauzuia. Alitoa ncha fupi, butu kidogo, ya kijinga kabisa kwa macho ya seremala, akamkabidhi. Nilimfunga Chiriku kitambaa laini kidoleni, akaipuliza vumbi penseli yake, akaketi kwenye ngazi ya nyuma akaandika mpaka nikamwita kula mara mbili.

Ijumaa tulikwenda wote wawili, karakana tukaifunga, wateja wakaambulia kufuli. Tulisimama nje ya dirisha la darasa, Fundi amejibanza kando ya ukuta kama mwizi. Chiriku alikuwa safu ya pili. Alichelewa kuanza, akaitazama karatasi. Kisha akaanza. Aliandika kwa taratibu zaidi kuliko wenzake, herufi kubwa, nyeusi, nyingine zimelala upande, na mkono haukushuka chini ya meza. Nusu ukurasa ulipotimia mwalimu alimgusa bega kumwambia inatosha. Akatikisa kichwa akaendelea.

Mwalimu alitoka na ile karatasi, akatuonyesha. "Anapanda," akasema. "Mistari bado inapanda na kushuka, lakini anapanda." Fundi alitaka kumweleza kitu kuhusu ncha, nikamkanyaga mguu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Chiriku katikati yetu, na domo lilikuwa limerudi kazini. Alitueleza nani aliandika nini, nani alilia, nani alikula kifutio. Tulipofika kwenye kona ya kwetu akautazama mkono wake uliofungwa.

"Baba, wewe ukiandika mkono hauumi?"

"Hauumi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

"Na shangazi? Na mwalimu?"

"Hakuna anayeumia."

Akatembea hatua chache anawaza. "Mimi nilidhani unawauma wote," akasema. "Nilidhani nyinyi mnajikaza tu."

Fundi akasimama. Akachuchumaa barabarani palepale, watu wanapita, akampakia mgongoni mtoto mwenye miguu yake mizima, na mpaka tunafika nyumbani sikumtania.